Mpango Mkakati, Rasimu ya Nne

Bodi inataka kurasa kumi kabla ya Ijumaa.
Nimeandika moja na nusu, umeme umekatika,
mashine ya kusaga ya jirani imenyamaza,
na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie Isevya
nasikia mawazo yangu mwenyewe yakisagana.

Kifungu cha tatu: Mali ya Kampuni.
Kompyuta saba, moja haina herufi P.
Pikipiki, ya mkopo.
Programu yetu, Pima, inayopokea asali na tumbaku
katika vyama vya msingi thelathini na viwili,
toka Sikonge hadi Kaliua.
Hapo kalamu inasita.
Yetu kivipi? Tuliianika.
Kila mstari wake uko nje kama mtama juani,
apitaye asome, achote, apepete,
arudishe akipenda.

Kuku nao hupita.
Mwaka jana, Mpanda, mtu aliipaka rangi ya kijani,
akaiita jina la mwanawe, akaiuza laki nane.
Vijana walitaka twende polisi.
Nikawauliza: tumshitaki kwa kosa lipi,
la kuingia kwa mlango tulioung'oa wenyewe?
Wakacheka, isipokuwa Mihayo.

Mihayo ndiye aliyeandika moyo wake,
hesabu ya unyevu, ile inayokataa asali ya maji
hata kama aliyeileta ni mwenyekiti wa chama.
Mshahara wake ulichelewa Machi, ukachelewa Aprili.
Mei alikuja na shati lililopigwa pasi,
akaweka funguo mezani, taratibu, zisilie,
akapanda treni ya Dodoma
kwenda kwenye kampuni ambayo kila kitu kina kufuli.

Kifungu cha tano: Vyanzo vya Mapato.
Hatuuzi programu. Tunauza kuitika.
Saa kumi na moja alfajiri karani wa Usoke anapiga simu,
mizani inasoma sifuri na foleni imefika barabarani:
tunauza lile neno "nakuja",
na vumbi linalofuata.
Tunauza kumfundisha karani mpaka asituhitaji,
na hapo ndipo mhasibu wetu, Bi Kalunde, hushika kichwa:
"Meneja, biashara gani hii, ya kumwonesha mteja njia ya kutukimbia?"

Jibu zuri sina. Nina la kweli.
Karani yuleyule wa Usoke, Nyamizi Kapela,
cheti cha kidato cha nne na simu iliyopasuka kioo,
aliingia ndani ya matumbo ya Pima wiki mbili za masika
akakuta tunatoa uzito wa ndoo mara mbili.
Mara mbili!
Misimu miwili tumewapunja warina asali,
sisi tunaojisifu kwa haki ya mizani.
Akarekebisha. Akatutumia, na salamu juu.
Ingekuwa imefungwa tungekuwa wezi hadi leo,
wezi wenye nembo.

Yule bwana wa Dar es Salaam alisema:
ifungeni, natia milioni mia mbili.
Akanywa chai, akasifia asali, akaomba chupa ya kwenda nayo.
Nilipiga hesabu usiku kucha.
Nakiri, mara tatu hesabu ilitua kwenye "ndiyo".
Mara ya nne nikamkumbuka Nyamizi, nikazima taa.
Bado sijui kama ule ulikuwa uamuzi
au usingizi.

Niliandika pia habari za mlembe,
ndege amwongozaye mrina hadi mzingani, kisha akasubiri nta yake.
Nikafuta. Benki haimjui mlembe.

Kifungu cha saba: Rasilimali Watu.
Walioajiriwa: watano.
Walioondoka: mmoja.
Umeme umerudi. Mashine ya kusaga imeanza kunguruma,
ukuta unatetemeka, kioo kinawaka,
na juu kabisa kuna marekebisho mapya,
ya saa saba na dakika arobaini usiku,
hesabu ya unyevu, mistari minne,
yametoka Dodoma.
Hakuna salamu. Maelezo tu:
"Hii ilikuwa inanikera."

Narudi kwenye jedwali,
natafuta safu ya kumwandika.
Safu ni mbili tu.