Kumi na Saba

Kivuko cha njano kina ratiba mbili:
ya wenye likizo na ya wenye kisiwa.
Nilifika Askholm Jumamosi ya mwisho ya Oktoba,
ile ya kwanza imeshabanduliwa ukutani,
gundi yake bado inanata.
Abiria tulikuwa watatu: mimi, mfuko wa barua,
na mashine ya kufulia iliyoviringishwa blanketi kama mgonjwa.

Nilikuja kutazama majani.
Mjini Turku waliniambia, nenda,
miti ya kule inawaka bila moshi.
Kwetu vuli ni mvua; hapa vuli ni mti kuvua,
vazi moja moja, bila haya, mbele ya bahari
iliyokwisha kuwa na rangi ya sufuria.
Lakini upepo wa Alhamisi ulinitangulia.
Majani yote yalikuwa chini,
yamelowa, yameganda kwenye mawe ya njia
kama stempu za nchi zisizokuwepo tena.

Nikasimama, mgeni asiye na la kutazama.
Ndipo mwanamke mmoja akanitupia glavu.
"Vaa. Tunatoa gati kabla barafu haijalila."
Jina langu hakuuliza. Lake ni Henrika,
fundi wa mabomba, sauti ya kupasulia kuni.
Tukashika kamba sote, hata mtoto Sixten
aliyevuta pumzi zaidi ya kamba.
Moja, mbili (kwa Kiswidi nilijua hizo tu)
na gati likatoka majini likichuruzika,
tumboni limeota kome wadogo, weusi,
likalia juu ya magogo, likatulia.
Viganja vikaniwaka.
Kumbe moto wenyewe ulikuwa huku.

Jioni supu ya samaki, mkate mweusi mtamu.
Watu wa hapa huongea kama wabana kuni:
neno moja, kisha wanangoja liungue lote.

Kwenye banda la kivuko kuna ubao.
Kila usiku Alvar mwenye funguo
huandika kwa chaki idadi ya watakaolala kisiwani.
"Ya nini?" nikauliza.
"Moto." Akangoja.
"Barafu." Akangoja tena.
"Tujue ni wangapi wa kutafuta."

Palikuwa na 16. Akafuta sita kwa mkono wa sweta,
akaandika saba, na chaki ikabaki pale,
kwenye mguu wa saba, haibanduki.
Henrika akatazama viatu vyake.
Nilikuja kuambiwa na Sixten, maana watoto hawabani kuni:
saba ilikuwa ya Torborg wa nyumba ya matufaha.
Ilifutwa mwezi wa nane.
Tangu hapo hakuna aliyeiandika.

Na nyumba niliyopewa kulala ni hiyo.
Kitanda kifupi, shuka lenye herufi T pembeni,
miguu yangu nje ya blanketi hadi alfajiri.
Usingizi haukuja upesi.
Miaka sita ninaishi ghorofa ya nne,
mlango wangu haujapata kusalimiana na wa jirani;
nikipotea Jumatatu
watanitafuta kodi ikichelewa.
Na hapa, gizani, kwenye harufu ya matufaha
yaliyotandazwa magazetini chini ya uvungu,
nilikuwa tarakimu.
Mtu angewasha tochi.
Mtu angesema: bado mmoja.

Asubuhi kivuko kilipiga honi mara moja tu.
Nilimrudishia Henrika glavu;
akazisokomeza mfukoni mwangu, macho yake baharini.
Alvar akaenda ubaoni na sweta ile ile.
Akafuta. Akaandika sita.
Lakini mkono wa sufu haufuti kama kitambaa,
na tulipokwisha kuiacha nchi kavu bado niliiona,
saba ya jana chini ya sita ya leo,
mguu wake umetokeza
kama wa mtu aliyelala kitanda kifupi.