Imeisha

Mwaka ule sukari ilipimwa kwa kijiko cha chai
na foleni ya sabuni ilianza kabla ya adhana ya alfajiri.
Duka la santuri la Ndelilio, karibu na soko la Mbuyuni,
lilibakiwa na kaunta, kioo, na popo mmoja darini.
Mimi, mchora vibao, nilibakiwa na rangi nyekundu
robo kopo, na mchana mzima.

"Tuuze nini?" akaniuliza.
Nikamwambia: tuuze bendi.

Tukaiita Volkeno Tano.
Tukawakusanya magwiji kutoka bendi ambazo hazikuwahi kuvunjika
kwa kuwa hazikuwahi kuwapo:
gitaa, Firmini Katumba, mzaliwa wa Lubumbashi,
anayepiga roki kwa vidole vitatu
(viwili, tulisema, vilibaki mgodini);
kinanda, Anaeli, aliyefukuzwa kwaya huko Machame
kwa kuzikimbiza zaburi;
besi, mtu tuliyemwita Kimya;
mwimbaji tulimkosea jina, tukasema hapendi kutajwa;
na ngoma, Sefu. Sefu wa Muheza.
Huyo alikuja mwenyewe ulimini. Sikumtafuta.

Nikachukua jalada kuukuu la santuri ya mahubiri,
nikaligeuza, nikachora Kibo ikitema magitaa.
Tukalitundika kiooni, na chini yake neno moja
ambalo mwaka ule hakuna aliyelitilia shaka:
IMEISHA.

Basi.
Kufika Jumamosi, fundi cherehani wa Majengo
alikuwa ameshaicheza, Arusha, Kaloleni, mpaka soli ikabanduka.
Mwalimu Kiwelu aliinasa usiku kwenye redio yake ya mkulima,
ikaja ikapotea, ikaja ikapotea.
Vijana wawili wa Pasua walitoana damu
wakibishania wimbo wa tatu,
gitaa linalia mara moja au mara mbili.
Nikaitwa niamue. Nikasema: mbili.
Mungu anisamehe, nililisikia.

Ndelilio alicheka hadi akashika kaunta.
"Hata mlima," alisema, "wiki nzima uko ndani ya wingu.
Umemsikia nani akisema haupo?"

Kisha, Jumanne, treni ya Tanga ikachelewa nusu siku,
ikamshusha mama mmoja
mwenye kanga iliyofuliwa hadi maandishi yakaondoka,
na kikapu cha machungwa.
Hakulitazama jalada.
"Nimesikia Sefu wangu anapiga hapa."

Miaka sita. Aliondoka na debe lake,
hakuaga, hakuandika.
Alikuwa akigonga kila kitu, alisema mama:
meza, ukuta, mgongo wa mdogo wake.

Popo akajigeuza darini.
Nilimtazama Ndelilio, Ndelilio akaitazama kaunta,
na ukweli ulikuwa pale katikati yetu, mdogo, mwepesi,
hata mtoto angeunyanyua.

"Wako safarini," nikasema.
"Wapi?"
"Mbali kidogo. Zambia."
"Anakula?"
"Anakula, mama. Amenenepa."

Akacheka, akauziba mdomo kwa kanga.
Kutoka chini ya machungwa akatoa vijiti viwili vya mpera,
vimelainishwa na kiganja, ncha zimelika kwa kupigwa.
"Mwambie alivisahau."

Usiku ule tuliliteremsha jalada. Watu walipouliza
tukasema imeisha, wakaelewa.
Ndelilio alihamia Babati, akauza mbegu za alizeti hadi kufa kwake.
Hatukulizungumza tena.
Machungwa tuliyala. Hilo nalo nalisema.

Bado nachora vibao. Rangi naikoroga kwa chochote:
mwiko, spana, mguu wa kiti,
siku moja mswaki wa mke wangu, tukanuniana hadi Pasaka.
Vile vijiti viko rafuni, kando ya chupa ya tapentaini.
Havijagusa rangi.