Mikono ya Bucha

Jumatano duka likifungwa saa saba
navua aproni, nanawa mpaka viwikoni,
kisha napanda kilima cha Kilrennan
na fimbo saba za marehemu baba katika mfuko uliopauka.
Upepo wa Uskoti hauna adabu:
unakuvua kofia kabla hujasalimia.

Mwalimu wangu ana umri wa kuwa mwanangu.
Ruaridh Mutch, madoadoa usoni, sauti ya chini.
Siku ya kwanza alinishika vidole kimoja kimoja
akavipanga juu ya mpini kama mtu anayepanga vijiko.
"Shika, Bi Isobel, kama umeshika kifaranga.
Asitoroke, asiumie."
Nikacheka. Kijana,
miaka thelathini na tisa mimi ni bucha.
Vifaranga niliowashika hawana la kusimulia.

Nikapiga. Fimbo ikachimba, kipande cha nyasi
kikaruka mbali kuliko mpira.
Mpira ulikwenda hatua nne, ukasimama,
kama unanisubiri.

Tatizo, akasema, ni mkono wa kulia.
Nilijua. Wa kulia kwangu ndiye mwenye nyumba,
wa kushoto mpangaji asiyelipa kodi:
kazi yake kushikilia mfupa na kulikwepa shoka.
Leo aambiwe aongoze?
Kiwiko kisivunjike fimbo ikipanda. Kifundo kijikunje
kule juu, kingoje, kisifunguke mapema.
Akanibana taulo kwapani:
likianguka, mkono umeuacha mwili.
Likaanguka. Likaanguka.
Mbwa wa mtu akalichukua.

Wiki sita. Mabega yakauma mahali nisipopajua.
Usiku nilijizoeza jikoni kwa mwiko,
mume wangu akisogeza kikombe chake
bila kusema neno.

Halafu Jumatatu moja, nikimpasua kondoo,
nikausikia mkono wangu mwenyewe.
Kisu kilikuwa kikishuka kwa uzito wake,
vidole vitatu vya mwisho vimekikumbatia,
dole gumba limelala. Sikusukuma.
Ndivyo baba alivyonifundisha nikiwa na miaka kumi na minne,
damu baridi imeganda kwenye kucha:
"Chuma kinajua njia, Izzy. We kisindikize tu."

Jumatano nikapanda na hilo moja.
Sikumwambia Ruaridh.
Fimbo ikaenda juu, ikakaa kidogo,
kama mtu anayetafuta jina analolijua,
ikashuka yenyewe.
Sikuhisi kitu mikononi.
Hilo ndilo ninalotaka kulisema na sijui nilisemeje:
hakukuwa na kitu.
Nilipoinua macho mpira ulikuwa mdogo kama punje ya chumvi
na bado unapanda.

"Rudia," akasema.
Sikuweza. Wa pili ulizama vichakani,
kwenye maua ya manjano na miiba yake,
na wa tatu ukamfuata nduguye.

Asubuhi hii mwanagenzi wangu, Fergie,
anakata mbavu kwa hasira, ubao unalia,
bega limempanda hadi sikioni.
Nikachukua taulo, nikambana nalo kwapani.
Akanitazama kama niliyerukwa na akili.
"Kata," nikamwambia.
Likaanguka.