Kula kwa Vitenzi Vinne

Januari, Nagaoka. Theluji imefika kwenye madirisha
na darasa linanuka mafuta ya taa na soksi mbichi.
Bi Hatakeyama anaandika kula ubaoni
mara nne, kila kula na ngazi yake:
taberu, mdomo wa nyumbani;
tabemasu, mdomo ulionawishwa;
meshiagaru, mdomo wa mkubwa, unaotazamwa kutoka chini;
itadaku, mdomo wangu mimi,
uliojikunja hadi ukawa shukrani.

"Chakula ni kilekile?" nikauliza.
"Kilekile. Walaji ndio hawafanani."

Kwetu Lamjung tunapanga ngazi za wewe.
Kuna wewe ya mbuzi na ya mdogo wangu,
wewe ya rafiki, wewe ya mama mkwe,
na ile ya juu kabisa, isiyosemwa shingo ikiwa wima.
Kumpandisha mtu nilijua. Kujishusha sikujua:
hapa hata mimi ina ngazi,
na Ganzorig wa dawati la nyuma,
aliyeokota lugha jikoni kwa bibi mwenye nyumba,
bondia wa kilo tisini,
anamaliza sentensi zake kama mjane mwenye haya.
Wauza samaki wanacheka mpaka wanashika meza.

Usiku niko kazini, nyumba ya wazee, ghorofa ya pili.
Mzee Kuwabara, mwangalizi wa taa za reli miaka arobaini,
hafungui mdomo.
Nampa uji kijiko kwa kijiko, kwa kitenzi cha tatu,
kama kitabu kilivyoagiza.
Anageukia ukuta.
Nazidisha adabu. Naongeza silabi.
Uji unapoa.
"Wewe," anasema mwishowe, "unauza nini?"

Wiki tatu hivyo.
Halafu usiku mmoja mgongo umegoma,
theluji imesimamisha treni zote,
na kitabu kimenitoka kichwani kama maji kwenye chujio.
Nikavuta kiti. Nikasema kwa mdomo wa nyumbani:
"Treni hakuna leo. Tule."
Akanitazama
kama aliyeona taa imebadilika rangi.
Akamaliza bakuli, akadai chumvi.

Asubuhi Bi Shimojo, mkuu wa zamu, ananiita koridoni.
Alisikia.
"Huyu si mjukuu wako, Nirmaya.
Leo yeye, kesho wote tutawaita kama paka."
Ana haki. Nimewasikia wenzangu
wakiwafokea wazee kwa kitenzi hichohicho,
fungua, kula, meza.
Kwenye mdomo mmoja neno ni kiti kilichovutwa karibu,
kwenye mwingine ni kofi.
Naomba radhi kwa ile radhi ndefu kuliko zote,
mgongo chini, macho yakihesabu vigae.
Sijui kama naigiza. Nikiinuka
shingo inachelewa kidogo kunifuata.

Jumapili nampigia mama.
"Umekula?"
Nasema nimekula, na kabla sijajizuia
nimeiinamia simu, mara mbili.
"Unamwinamia nani huko?"
Mdogo wangu anacheka nyuma yake.
Nageuka kumtafuta. Chumbani kuna mimi,
sufuria ya wali, yunifomu inayokauka kwenye msumari
na jina langu kifuani mwake
limeandikwa kwa herufi za kuandikia wageni.

Jumatatu, zamu ya jioni.
Bi Shimojo amesimama mlangoni na faili lake.
Nanyoosha mgongo, naweka bakuli kwa mikono miwili,
nasema kitenzi cha tatu, chote, bila kuruka silabi.
Mzee Kuwabara anautazama mlango.
Anaketi wima, kama stesheni imepata mgeni kutoka makao makuu,
anajibu kwa cha nne, kwa sauti ya kazini,
safi, ya zamani,
na kidole chake, pembezoni mwa shuka,
kinaonyesha kiti.