Gololi Ishirini

Lilianza kwa kunong'ona, Novemba,
theluji ya Oulu ikiwa bado changa.
Nikadhani ni tairi. Nikadhani ni baridi.
Kufika Januari gurudumu la mbele linasaga
kama mtu atafunaye mchanga usingizini,
na magazeti mia na arobaini kikapuni
yanatetemeka kila nikikata kona.

Jere wa dukani alilishika, akalisukasuka.
"Kitovu kimekwisha. Gurudumu jipya ni euro sitini na tano."
Alisema kwa upole, kama daktari.
Mfukoni nina kumi na tisa,
mshahara ni Ijumaa ijayo,
na gazeti halingoji Ijumaa.

Basi nikaipindua baiskeli jikoni,
miguu juu, kama kondoo wa kunyolewa,
chini nimetandika habari za jana:
bei ya umeme, na waziri anacheka.
Spana ya kuazima, nyembamba kama kisu cha samaki.
Nati ikagoma. Nikaitukana. Ikalegea.

Kitovu kikafunguka.
Grisi iliyokuwa ya kijani imekuwa tope jeusi,
maji ya theluji na changarawe za manispaa.
Nikatoa gololi kwa kibano cha nyusi:
kumi upande huu,
upande ule tisa, na vipande vya ya kumi.
Moja ikaponyoka, ikabiringika chini ya friji.
Ingali huko.

Koni zote mbili zina makovu ya ndui.
Na bakuli la kulia, ndani kabisa,
lina kidonda kimoja:
nikipitisha ncha ya kalamu inakwama pale, inaruka.
Koni hubadilishwa.
Bakuli ni mwili wenyewe wa kitovu,
halina dawa.
Watu huulizana vitovu vyao vilizikwa wapi.
Changu, Kuusamo.
Cha baiskeli hii sijui, maandishi yamefutika.

Uwanja wa chakavu, Maaret akaniachia lundo.
Nikapata baiskeli ya mtoto, ya waridi,
fremu imekunjwa na gari
(sikuuliza habari za mtoto).
Ekseli yake fupi, haifai.
Koni zake zikaingia kwenye hesi ya ekseli yangu
kama zilizozaliwa nayo.
Euro tatu.
Gololi mpya ishirini, euro nne.
Grisi nilipewa bure, ndani ya kikombe cha mtindi.

Kuzipanga si kazi, grisi huzishika.
Kazi ni kukaza.
Ukikaza mno, gurudumu linakunja uso.
Ukilegeza, linacheza cheza.
Unatafuta upana wa unywele kati ya hayo mawili,
na ukiupata, nati ya kufungia inauharibu,
unaanza upya.
Mara ya saba nilikuwa nimevua sweta.
Mara ya tisa nilizungusha, nikakaa kimya:
likaenda, likaenda,
chai ikapoa, lingali linaenda.

Saa tisa usiku, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
nikavuka daraja la Tuira
sisikii kitu ila tairi juu ya theluji kavu.
Nilitaka kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu.

Siku ya tatu Taisto Juntunen, ghorofa ya kwanza,
ananingoja mlangoni na koti juu ya pajama.
"Ulikuwa mgonjwa?"
Nikamwambia gazeti lilifika kila siku.
"Nimeliona. Wewe sikukusikia.
Tangu Kerttu afe naamka kwa ule mkwaruzo wako,
naweka kahawa motoni.
Sasa nalala hadi saa mbili kama mzembe."

Sikujua la kumjibu.
Mtu anatumia euro saba na vidole vyake vyote
kunyamazisha kitu,
kumbe kilikuwa saa ya mwenziwe.

Siku hizi nikifika dirishani pake
nagonga kengele mara moja, kidogo, majirani wamelala.
Taa inawaka.
Nami nasonga, mikono kwenye usukani,
na ndani ya mikono, kila mzunguko,
tik ndogo ya lile bakuli,
ambayo hakuna mwingine anayeisikia.
Itanifikisha Aprili.
Aprili tutaonana.