Glavu ya Pili

Mzigo wa mwenzio, husema, ni kanda la usufi.
Haya, pimeni huu:
wazee kumi na mmoja tangu theluji ya kwanza,
na Tuulikki ndiye aliyewafumba macho.

Hakulia. Zamu haina saa ya kulia.
Alibadili shuka, akajaza fomu,
akafuta jina ubaoni kwa kiganja.

Ila Jumanne ile, mjini Oulu, kabla hakujakucha,
alipeleka kahawa chumba namba nne,
akaipuliza ipoe, akasema, "Aune, amka,"
na kitanda kilikuwa kimetandikwa tangu Ijumaa.

Akakaa sakafuni na kikombe chake.
Msimamizi hakuuliza kitu. Alimletea koti.

Sasa ni wiki ya tatu yuko nyumbani,
simu ya kazini iko kabatini, chini ya mataulo.
Anafuma glavu,
ile aliyoiacha Aune kwenye sindano, haina gumba.
Anakosea, anafumua,
anakosea palepale.

Gumba limetoka kombo.
Leo amezivaa zote mbili,
akaenda kusimama kando ya mto ulioganda,
akamlilia wa kwanza, mzee Eino, peke yake,
wengine watangoja,
kisha akahisi njaa.