Hati Amekuja

Nilikuwa nimeandika, kwa wino wa ofisi ya kijiji:
*Hati ya shamba la Bi Swaumu Likwaya imeharibika.*
Prodip, mpima ubora wa korosho kutoka Kolkata,
aliyekuja kuazima mizani,
akasoma juu ya bega langu, akakwama neno la kwanza.
"Kwetu," akasema, "hati ni tembo."

Tembo wenyewe walipita Liwale juzi,
saba, toka pori la akiba.
Walikula mihogo ya Bi Swaumu, wakaegemea jiko,
na sanduku la bati lenye ile hati
likawa sahani.

Prodip akageuza risiti ya ushuru, akachora kiganja.
*Hat*: mkono.
Tia *i* mkiani: mwenye mkono.
Zamani, kwa Kisanskriti, lilikuwa refu, *hastin*;
vinywa vikalitafuna karne kwa karne kama muwa,
kikabaki kipingili hiki.
Nikamwambia hata huku tunasema mkono wa tembo,
na ndizi moja tumeipa jina hilo.
Na hati yetu? Ya Waarabu: mstari, mwandiko.
Ile ya kalamu tunaiita hati ya mkono.
Akatazama kiganja chake kwenye risiti.

Kisha tukabishana ngeli.
Lao halina. Dume, jike, kitenzi hakiulizi.
Ukihesabu unabandika *ta*:
*ekta hati*, tembo mmoja,
*ta* ile ile ya kikombe na ya shoka.
Watu wana *jon* yao; tembo hafiki huko.
Nilishangaa. Kwetu mgeni huyu
anakula, anavunja, anaondoka,
kwa *a* ile ile aliyopewa mama yangu.

Bi Swaumu, kwenye benchi,
fomu ya kifuta jasho magotini,
alikuwa kimya tangu asubuhi.
"Na huyo *ta* wenu, akikanyaga jiko, analipa?"
"Halipi, mama."
"Basi ni huyu huyu."

Nikachana karatasi, nikaanza upya.
*Hati amekuja usiku, akaharibu hati.*
Najua wilayani wataizungushia duara jekundu,
watanirudishia: rekebisha upatanisho.
Sikufuta.
Bi Swaumu hajui kutia saini.
Nikamsogezea kidau cha wino, kilikuwa kimekauka,
akatema mate kidogo,
akakandamiza dole gumba mara mbili.